Anayetaka Cheo cha Umma Ajue Anayoulizwa

Kila uchaguzi unapokaribia, vijijini mwetu huonekana watu wenye nia ya kuomba uongozi. Mmoja ni mkulima anayejulikana kwa ng'ombe wake wa maziwa na kwa maneno yake ya busara katika baraza la chifu. Mwingine ni karani wa ofisi ya kaunti, ambaye amewaandikia wakubwa barua kwa miaka mingi na sasa ataka naye aandikiwe. Wa tatu ni mwalimu. Watu hawa huanza kwa kuchapisha picha zao, kukodi gari lenye kipaza sauti, na kuwanunulia wazee chai. Mambo hayo hayana neno, ila si ya kwanza. La kwanza ni kuketi kitako na kusoma sheria, kwa maana wako wengi waliotumia mauzo ya majani ya chai ya mwaka mzima, kisha wakazuiliwa mlangoni kwa jambo ambalo wangaliweza kulitengeneza kwa barua ya ukurasa mmoja.

Katika makala hii twapenda kueleza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna masharti ya kustahili, yaani umri, uraia, elimu na mengineyo yanayomfungulia mtu mlango. Tena kuna masharti ya kujieleza, yaani yale ambayo mwombaji hana budi kuyasema juu ya nafsi yake, kwa kiapo na kwa sahihi yake mwenyewe. Masharti ya kwanza yaweza kuthibitishwa na vyeti. Ya pili huulizwa wewe peke yako, wala hapana awezaye kukujibia. Sisi twaonelea kwamba haya ya pili ndiyo mazito zaidi, ijapokuwa wengi huyajibu kwa dakika tano wakiwa wima mezani kwa wakili.

Masharti haya hayakuwa hivi tangu zamani. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, wajumbe wanane tu kwa nchi nzima, mpiga kura mwenyewe alipimwa kwa mizani ya elimu, utumishi na mali. Mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au mali ya thamani ya pauni 500, yalikuwa miongoni mwa sifa zilizohesabiwa, na mwenye sifa kadhaa aliweza kupewa hata kura tatu, hali jirani yake ana moja au hana kabisa. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walitakiwa pia kuwa na hati ya kuonyesha kwamba ni watiifu kwa Serikali ya wakati ule. Basi katika siku zile mali ilikuwa sifa. Mtu aliitaja kwa fahari ili aruhusiwe kuingia. Siku hizi mambo yamegeuka: maskini hazuiliwi kwa umaskini wake, na mwenye mali ndiye anayeulizwa aliipata wapi.

Mageuzi makubwa yaliletwa na Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Sura yake ya Sita yahusu uongozi na uadilifu, na ndiyo watu huitaja hata wasipoisoma. Kabla ya Katiba hiyo, mtu asiye na chama hakuweza kabisa kugombea ubunge, na mgombea alitakiwa awe aweza kusema na kusoma Kiswahili na Kiingereza vya kutosha kushiriki katika mazungumzo ya Bunge. Sharti la lugha halipo tena, na asiye na chama ameruhusiwa. Mengine yameongezwa.

Tuanze na uwakilishi wa wadi, kwa kuwa ndio cheo cha kuchaguliwa kilicho karibu zaidi na msomaji wetu. Wadi ni 1,450 katika kaunti 47. Anayetaka kuchaguliwa awe mpiga kura aliyeandikishwa, awe raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 10 kabla ya uchaguzi, awe na akili timamu, na asiwe mfilisika ambaye bado hajaachiliwa na sheria. Hapo kwenye ufilisi watu wengi hujitisha bure. Kudaiwa na chama cha akiba na mikopo si kufilisika. Mfilisika ni yule ambaye mahakama imemtangaza kuwa hivyo. Awe ameteuliwa na chama, au kama hana chama, aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi ile. Kwa ubunge idadi hiyo ni 1,000 wa eneo la uchaguzi, na kwa useneta ni 2,000 wa kaunti. Mwaka 2022 ada ya kutoa jina kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa shilingi 5,000 kwa mgombea wa wadi, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kiasi hicho ni chini ya bei ya mbuzi mmoja. Ada za vyama ni habari nyingine, nazo mara nyingi ni kubwa kuliko hizo za Tume.

Juu ya elimu pamekuwa na mvutano mrefu. Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili wabunge na wawakilishi wa wadi wawe na shahada ya chuo kikuu, na sharti hilo likaahirishwa hadi uchaguzi wa 2022. Kabla haujafika, Mahakama Kuu ililibatilisha kwa wawakilishi wa wadi mwaka 2021, na kwa wabunge mwaka 2022. Rais, makamu wake, magavana na manaibu wao wamebaki na sharti la shahada. Sisi hatuoni kwamba shahada humfanya mtu aujue mtaro wa maji wa kijijini kwake, lakini asiyejua kusoma makadirio ya fedha ya kaunti ataongozwa na makarani hata alipokuwa ameketi kitini pa kuongoza.

Sasa tufike mahali ambapo watu wa ofisini huanguka. Katiba yasema kwamba mtumishi wa umma hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi akiwa bado kazini. Sheria ya Uchaguzi, katika kifungu cha 43, ikaongeza kwamba mtumishi huyo sharti ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Rais, magavana, wabunge na wawakilishi wa wadi waliomo vitini wameondolewa katika sharti hilo. Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo hesabu yake si ngumu: mtu na awe amekwisha kuondoka ofisini kabla ya katikati ya Februari. Kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 9 Februari, na hata mawaziri kadhaa waliokuwa na nia ya kugombea waliacha vyeo vyao wiki hiyo.

Tutoe mfano. Tuseme bwana mmoja ni ofisa wa kilimo wa kaunti. Amependwa na wakulima kwa kuwa alifika mashambani kwao wakati wa mvua na wakati wa jua. Wazee wamwambia agombee. Yeye afikiri kwamba akichukua likizo yake ya mwaka, halafu akaongeza likizo bila mshahara, yatosha. Haitoshi. Likizo ni likizo, na jina lake lingali katika orodha ya mishahara. Au aandika barua ya kujiuzulu mwezi wa Januari, lakini aiacha kwa rafiki yake karani wa masjala aiweke faili, asiitoe mpaka aone kama chama kitampa tiketi. Hiyo ni hila, na hila za namna hii hugunduliwa kwa urahisi, kwa sababu mpinzani wake ataomba aonyeshwe nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kweli ni vigumu kuacha mshahara miezi sita mapema kwa ajili ya jambo la kubahatisha, hasa kwa mwenye watoto shuleni. Lakini sheria yataka wananchi wasihudumiwe na mtu ambaye mkono mmoja umeshika mbegu za Serikali na mwingine umeshika karatasi za kura.

Mkulima asiye na kazi ya Serikali hana shida hiyo. Lakini yeye ana mtego wake, nao ni chama. Asiye na chama haruhusiwi kugombea kwa jina lake mwenyewe ikiwa alikuwa mwanachama wa chama cho chote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Utasema, mimi sijapata kujiunga na chama. Waliosema hivyo mwaka 2021 walishangaa. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa ilipowawezesha watu kutazama majina yao kwa njia ya mtandao wa Serikali, Wakenya wengi walijikuta wameandikwa katika vyama ambavyo hawakuvijua, nambari zao za kitambulisho zikiwa zimetiwa humo bila ridhaa yao. Ajitazamie mapema anayetaka kusimama peke yake. Akikuta jina lake, aandike barua ya kujiuzulu, aipeleke kwenye chama chenyewe, na aweke nakala iliyopokelewa. Hasira haifuti jina, bali barua hulifuta.

Hayo ndiyo ya kustahili. Sasa tuje kwenye fomu.

Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 yamtaka kila anayetaka kuchaguliwa katika cheo cha dola ajaze fomu ya kujieleza mwenyewe na kuitoa kwa Tume ya Uchaguzi. Anayeteuliwa huitoa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kurasa za kwanza ni nyepesi: jina, tarehe ya kuzaliwa, kabila na dini zisikusumbue, elimu, kazi ulizofanya. Kisha huja maswali ambayo mtu huulizwa na dhamiri yake usiku. Je, umewahi kufanya jambo lisilo la uaminifu katika kazi ya umma? Umewahi kutumia cheo chako vibaya? Umewahi kuwapotosha watu kwa habari zisizo za kweli? Umewahi kughushi hati yo yote, ya ofisi au yako mwenyewe? Umewahi kufutwa katika orodha ya wenye taaluma yako? Umewahi kufukuzwa kazi kwa ajili ya kukosa uadilifu? Umewahi kupatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi? Mwisho wake mtu huapa kwamba aliyoyaandika ni kweli na ni kamili.

Neno hilo kamili ndilo wengi hawalioni. Mtu aweza kuandika kweli tupu na bado akawa ameapa uongo, kwa kuacha.

Watu wengi huamini kwamba jibu la "ndiyo" mahali po pote katika fomu ile ni sawa na kufungwa mlango. Kwa ajili ya hofu hiyo huandika "la" toka juu hadi chini, kana kwamba ni wimbo. Hiyo si busara. Chukua habari ya hukumu. Katiba humzuia mtu ambaye, wakati wa kuandikishwa kuwa mgombea au siku ya uchaguzi, yumo chini ya hukumu ya kifungo cha angalau miezi sita. Yule aliyetozwa faini ujanani kwa kupigana sokoni, au kwa kukutwa na kibuyu cha pombe haramu, akailipa na kwenda zake, hamo katika maneno hayo. Akiulizwa na aeleze: ilikuwa mwaka fulani, mahakama fulani, nililipa. Jambo lililoelezwa na mwenyewe limekwisha nguvu. Jambo lile lile likifichwa, halafu mpinzani akalifukua katika daftari la mahakama wiki tatu kabla ya kura, si faini tena. Ni kiapo cha uongo, na kiapo hicho ni cha leo, si cha ujanani. Mtu aliyestahili jana amejivunjia sifa yake kwa kalamu yake mwenyewe.

Hata hivyo, tusiwaambie wasomaji kwamba mizani hii huwapima wote sawasawa. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 99, yasema mtu hahesabiwi kuwa amekosa sifa mpaka nafasi zote za rufani au za kupitiwa upya hukumu yake ziwe zimekwisha. Sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa mahakama za chini hukosea. Lakini rufani zataka wakili, na wakili ataka fedha. Mkubwa aliyehukumiwa aweza kupanda kutoka Mahakama Kuu hata Mahakama ya Rufani, na toka hapo hata Mahakama ya Juu, na wakati huo wote jina lake laweza kubaki katika karatasi ya kura. Karani aliyefukuzwa kwa shilingi elfu kumi zilizopotea hana ngazi ndefu kama hiyo. Twalisema hili bila chuki kwa mtu. Ndivyo sheria ilivyoandikwa, na walio na nguvu ya kuiandika upya ni wale wale wanaoitumia.

Mara nyingine ngazi hufika mwisho wake. Bwana Mike Sonko, aliyekuwa Gavana wa Nairobi, aliondolewa madarakani na Seneti tarehe 17 Desemba 2020. Mwaka 2022 alitaka kugombea ugavana wa Mombasa, na shauri lake likapanda mahakama moja baada ya nyingine. Tarehe 15 Julai 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa halali, na kwa hiyo hakuweza kugombea. Zilikuwa zimesalia siku 25 tu kabla ya kura. Nguvu ya uamuzi huo yatoka katika kifungu cha 75 cha Katiba, ambacho chasema kwamba aliyeondolewa katika cheo kwa kuvunja masharti ya mwenendo yaliyotajwa humo hatashika cheo kingine cha dola. Kifungu hicho hakitaji gavana peke yake. Chamhusu pia mwakilishi wa wadi ya mbali kabisa.

Na ni nani anayesimamisha mtu asiyestahili? Wengi hudhani ni Tume. Tume hupokea karatasi na kuzitazama, lakini haijui yaliyotendeka katika kila kijiji. Sheria imetoa nafasi ya kupinga uteuzi wa mgombea mbele ya kamati ya Tume, nayo sharti iamue katika muda wa siku 10. Muda huo ni mfupi sana. Mwenye malalamiko aliyekaa kimya miaka minne, kisha akaja siku ya tisa na maneno ya sokoni bila hati, hatasikilizwa, na pengine ndivyo inavyofaa. Kinachotakiwa ni nakala ya hukumu, barua ya kufukuzwa, au cheti kilichokanushwa na shule iliyosemwa kukitoa.

Tugeukie sasa kazi za kuandikwa, ambazo vijana wetu wengi waziomba kuliko zile za kura. Katiba yataka watu waandikwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa kustahili. Kijana akiomba kazi kwa Tume ya Utumishi wa Umma au kwa bodi ya kaunti, huambiwa juu ya hati tano: cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, hati ya kulipa kodi, hati ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, fomu ya Tume ya Maadili, na taarifa ya ofisi zinazoweka habari za madeni. Kwa muda mrefu vijana walitakiwa kuleta hati hizo zote siku ile ile ya kuomba, nao hawana kazi wala fedha. Mzazi aliuza kuku ili mwanawe apate karatasi za kuombea kazi ambayo hakuitwa hata kuhojiwa.

Mwaka 2022 Sheria ya Kazi ilirekebishwa, na jambo hili wazazi wengi bado hawajalisikia. Sasa mwajiri huweza kudai hati hizo pale tu anapokusudia kumwandika mtu kwa mkataba, si kabla. Mtu akishindwa kuzileta hapo, ahadi ya kazi yaweza kuondolewa. Kwa hiyo, kijana akiona tangazo lidaio hati hizo zote pamoja na barua ya maombi, ajue kwamba sheria iko upande wake, ingawa kumkumbusha mwajiri jambo hilo kwahitaji adabu na moyo. Tukumbushe pia kwamba deni la mkopo wa chuo halimfanyi mtu kuwa mkosefu. Aende kwenye bodi, afanye mapatano ya kulipa kidogo kidogo, na aandikiwe.

Lililo la kuhuzunisha ni vyeti vya uongo. Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza idara na mashirika yahakiki vyeti vya watu walioandikwa katika miaka 10 iliyotangulia. Matokeo yalipotangazwa Februari 2024, vyeti zaidi ya 2,000 vilikuwa vimeonekana kuwa vya kughushi. Wengine walikuwa wamepandishwa vyeo kwa vyeti hivyo. Mahakama zimekwisha kuwaamuru baadhi ya watu wa namna hii warudishe mishahara yote waliyopokea, mamilioni ya shilingi, hata kama kazi yenyewe waliifanya. Hapo karani mmoja aweza kuuliza: mbona nilifanya kazi vizuri miaka minane, na alama ya cheti ilikuwa ni herufi moja tu niliyoigeuza? Jibu ni kwamba kiti kile kilikuwa cha mtu mwingine, ambaye hakuigeuza herufi yake, na ambaye miaka hiyo minane alikuwa nyumbani akilima shamba la kukodi.

Mtu akiisha kuingia kazini, kujieleza hakukomi. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanza kuwataka watumishi waeleze mapato yao, mali zao na madeni yao, pamoja na ya wake au waume zao na ya watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Walitakiwa kufanya hivyo wanapoingia kazini, tena kila baada ya miaka miwili, na wanapotoka. Wakulima wakumbuke kwamba sheria hiyo iliwahesabu hata maofisa wa vyama vya ushirika, kwa kuwa fedha za kahawa na maziwa nazo ni fedha za watu wengi. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2025, na mahali pake pakawekwa Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa sahihi na Rais tarehe 30 Julai 2025. Kanuni ya kueleza mali haikuondoka nayo. Imehamia katika sheria mpya, pamoja na masharti juu ya mtu kutojipa au kuwapa jamaa zake faida kwa kutumia ofisi.

Katika kuijaza fomu hii ya mali, watu hukosea mambo mawili. Kwanza huandika mali na kusahau madeni, hali madeni ndiyo yanayowaokoa. Mtu mwenye nyumba ya mawe ya milioni nne na mshahara wa elfu arobaini ataonekana mwizi, mpaka aandike kwamba anadaiwa milioni mbili na nusu na chama chake cha akiba. Pili, hupuuza mali ya mke. Mama mwenye duka lake la nguo au kuku wake mia tano hapendi mumewe ayataje, naye mume huona haya kuuliza. Wakae waulizane. Duka hilo likikua, ni afadhali liwe limeonekana katika karatasi tangu lilipokuwa kibanda. Mwenye wake wawili aulize nyumba zote mbili.

Udhaifu wa desturi hii ni kwamba kwa miaka mingi karatasi hizo zilifungiwa kabatini. Sheria ya 2003 iliweka adhabu kwa mtu wa kuyatangaza yaliyomo bila ruhusa, hata raia aliyemwona karani wa ardhi akijenga ghorofa hakuwa na njia rahisi ya kujua aliandika nini. Mawaziri walioteuliwa mwaka 2022 waliulizwa thamani ya mali zao mbele ya kamati ya Bunge, nchi nzima ikitazama, na hapana aliyekufa kwa aibu. Kama waziri aweza kuulizwa wazi, ni vigumu kuona kwa nini mwakilishi wa wadi asiulizwe katika baraza la wadi yake.

Tumalize na mambo ya karatasi zenyewe, kwa maana hapo ndipo kazi huharibika kwa sababu ndogo. Jina lililo katika kitambulisho, katika cheti cha shule na katika fomu liwe moja. Aliyebatizwa jina jingine baada ya shule, au aliyeolewa akachukua jina la mume, apate hati ya kisheria ya kuunganisha majina hayo kabla ya kwenda mezani. Kila fomu na itolewe nakala mbili, moja ibaki nyumbani katika sanduku lenye hati ya shamba. Na fomu inayohitaji kiapo hupigwa muhuri na kamishna wa viapo, mwenye kuapa akiwa amesimama mbele yake. Yule aliyezoea kumtuma kijana wa bodaboda apeleke karatasi mjini ikapigwe muhuri, naye akiwa shambani, ajue kwamba mpinzani wake akithibitisha kuwa siku ile hakuonekana mjini, karatasi ile haina kiapo ndani yake.